Mwaka mpya wa Kichina: mambo ya kuzingatia kabla baruti hazijaanza

Kwa mliofika China juzi juzi na hamjawahi kuonja Chunjie, yaani mwaka mpya wa Kichina, naomba mnisikilize maana mwaka wangu wa kwanza hamna aliyeniambia kitu, nilikua mji mdogo huku mkoa wa Hunan nikajua ni kelele za usiku mmoja kama mkesha wetu wa Dar, kumbe ni wiki mbili!

Angalia tarehe kwanza maana haikai sehemu moja, wanafuata mwandamo wa mwezi, inaangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, kwa mfano 2026 ni tarehe 17 Februari na 2027 ni tarehe 6. Alafu ulizia sheria ya mji wako. Beijing wamepiga marufuku baruti mji mzima tangu 2022 kwaiyo wa huko mtalala, ila miji midogo na vijijini bado wanapiga, na Hunan ndo usiseme maana mji wa Liuyang wanakotengeneza fataki ni huku huku.

Kelele zina ratiba yake, ukiijua unapumua. Mkesha zinaanza jioni watu wakiwa wanakula na familia, saa 6 kamili usiku ndo zinalipuka zote kwa pamoja mpaka vioo vinatetemeka, unasema sasa zimeisha unajilaza, alfajiri jirani anafungua mlango wa siku ya kwanza na kuwasha mkanda mzima wa baruti pale pale mlangoni, pikipiki zote za umeme huko chini zinaanza kulia alamu. Asubuhi ngazi nzima ni vikaratasi vyekundu. Siku ya 5 tena, wanampokea mungu wa mali, hii inawakuta wengi washajisahau. Siku ya 15, sikukuu ya taa, ndo wanafungia. Wenyewe wanasimulia kwamba zamani kulikua na dude linaitwa Nian linakuja kula watu, linaogopa kelele, moto na rangi nyekundu.

Kwaiyo agiza spongi za kuziba masikio wiki tatu kabla, usingoje, maana mizigo ya mtandaoni inasimama madereva nao wakienda kwao. Moshi unapenya dirishani, lowesha taulo uzibe upenyo wa chini, na kama una pumu dawa yako iwe karibu na kitanda. Nguo usianike nje usiku ule. Mwenye mtoto mchanga ahamie chumba cha ndani kisichotazama barabara, mimi nimeona mtoto wa rafiki yangu akilia mpaka sauti ikakauka, inaumiza sana.

Kinachowatesa wageni kuliko kelele ni njaa jamani. Kantini ya chuo inafungwa, mama wa mboga kaenda kijijini, na ile migahawa ya tambi ya Waislamu tunayoitegemea kwa chakula cha halali wenyewe wanarudi kwao mikoa ya Qinghai na Gansu. Nunua mchele, unga, mafuta, mayai na kuku wa kugandisha wa siku 10. Lipia umeme na gesi mapema, na toa hela kidogo taslimu.

Kama unasafiri, tiketi za treni zinafunguliwa siku 15 kabla na zinaisha ndani ya dakika chache, watu wote wanaenda kwao kwa wakati mmoja. Wafanyabiashara, mzigo utoke kiwandani mapema, likizo ya serikali ni kama siku 8 au 9 lakini viwanda vingi vinakaa hata wiki tatu.

Ukialikwa na jirani nenda, beba matunda, ila saa ya ukutani usimpe mtu, kwa Kichina kusema unampa mtu saa kunasikika kama unamzika.

Na mpigie mama nyumbani mapema umwambie. Saa 6 usiku ya China ni saa 1 jioni Dar, ndo muda anaopenda kukupigia, wangu alisikia ile milipuko kwenye simu akajua vita, akalia, na mimi simsikii hata anachosema.