Manati ya kifyatulio: refusha mvuto kabla hujaongeza mipira

Wengi wakitengeneza manati ya ubao yenye kifyatulio wanakimbilia kuongeza mipira, matokeo yake inakua ngumu kutega na spidi haipandi kivile. Ndugu zangu anzeni na urefu wa mvuto, yani kutoka pale mpira unapoanza kukaza mpaka kwenye ndoano inayoushika ukishategwa, sababu nishati inayoenda kwenye gololi ni mkazo wa wastani mara umbali. Mfano mpira wa sm 10 unauvuta mpaka sm 50, sasa refusha ubao, funga mpira wa sm 20 upana uleule uvute mpaka sm 100, mkono unasikia uzito uleule ila nishati imekua mara 2! Spidi haiwi mara 2 lakini, inapanda kama mara 1.4, na pungufu kidogo maana mpira wenyewe nao una uzito wa kusukumwa.

Tyubu ya baiskeli haivutiki hivyo, usiilazimishe, tafuta lateksi, yani mpira wa asili unaovutika sana. Usiache manati imetegwa muda mrefu, mpira unachoka. Na vaa miwani ya kazi jamani, mpira ukikatika unarudi usoni, lenga makopo tu yenye kichuguu cha udongo nyuma.