Kukaa na Watoto Nyumbani Mji Unapofungwa: Mwongozo kwa Mzazi wa Nairobi

Serikali ikitangaza kwamba watu wasitoke, mzazi wa Nairobi huwaza kwanza chakula, kisha masomo ya watoto, na ni haki yake kuwaza hivyo. Hata hivyo, kwa niliyoyaona nyumbani kwangu na kwa majirani wa ploti yetu mwaka wa 2020, mji ulipofungwa kwa sababu ya korona, jambo lililotuchosha kuliko yote lilikuwa kukaa kutwa kucha machoni pa wenzetu, bila mtu kuwa na saa wala pembe ya kuiita yake. Ndiyo maana ninamshauri mzazi mwenzangu aanze kwa kuigawa nyumba, na mengine yafuate.

Wengi wetu tunapanga chumba kimoja au viwili, kwa hiyo kinachogawika ni saa. Keti na watu wote wa nyumbani, hata mtoto wa miaka mitano, kila mmoja aseme anahitaji utulivu wakati gani na kwa ajili ya nini: baba aliyetoka zamu ya usiku anahitaji kulala asubuhi, mama anayeuza kwa simu anahitaji kusikika na wateja wake, mtoto wa sekondari anahitaji meza. Andikeni makubaliano hayo kwenye karatasi, mwibandike nyuma ya mlango, na mzazi awe wa kwanza kuyaheshimu. Kwetu, binti yangu mkubwa alipewa roshani kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Roshani yenyewe hutosha pipa la maji, jiko la makaa na mtu mmoja aliyekunja magoti. Alifunga leso kwenye kamba za kuanikia nguo, akakalia mtungi wa lita 20 aliougeuza chini juu, na kwa saa hiyo hapakuwa na ruhusa ya kumtuma dukani wala kumwuliza anafanya nini. Alikuwa akisoma, akisuka nywele zake, na siku nyingine akitazama tu barabara iliyokuwa tupu. Aliporudi ndani alikuwa na subira na wadogo wake, subira ambayo maonyo yangu hayakuwahi kuileta. Mzazi naye ajitengee saa yake bila kuona haya, hasa mama, ambaye kazi za nyumbani humwongezekea watoto wanapokula mara tatu au nne mbele yake kila siku.

Watoto waelezwe ukweli kuhusu ugonjwa, kwa maneno ya umri wao. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zifungwe, tarehe 27 kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ikaanza, na tarehe 6 Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi zikapigwa marufuku. Katika muda usiotimia mwezi, kila alichokijua mtoto kilikuwa kimebadilika, naye alikuwa akisikia vipande vipande vya mazungumzo ya watu wazima. Mweleze ugonjwa ni nini, huenezwa vipi, na ninyi kama familia mnafanya nini ili kujikinga. Takwimu za kila siku za Wizara ya Afya asikilize mtu mzima mmoja, awape wengine muhtasari, kisha televisheni izimwe. Usimwahidi mtoto tarehe ya mwisho. Marufuku ile ya Nairobi ilitangazwa kuwa ya siku 21, lakini iliondolewa tarehe 7 Julai, na mtoto aliyekuwa akihesabu siku kwenye kalenda alikatishwa tamaa kila muda ulipoongezwa.

Kuhusu masomo, saa mbili au tatu za utulivu zinamtosha mtoto wa shule ya msingi. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilikuwa ikipeperusha vipindi vya masomo kwenye redio na televisheni, na kwa familia yenye simu moja na bando la kuhesabu, redio ndiyo iliyokuwa msaada wa kweli. Mtoto mkubwa amfundishe mdogo, kwa sababu naye hujifunza upya anapofundisha. Tumieni pia kazi za nyumbani: mtoto wa Gredi ya 4 anaweza kuingiza tokeni ya stima yenye tarakimu 20 akiisoma kwa sauti, kisha aandike kila jioni yuniti zilizobaki na kutoa hesabu ya zilizotumika. Hiyo ni hesabu yenye maana kwake, kwa sababu taa ikizimika ataelewa sababu.

Hesabu hizo humfikisha mtoto kwenye suala la fedha, nalo lisifichwe. Kibarua kikikatika, mweleze mtoto kwamba pesa zimepungua, taja kitakachopunguzwa na kitakachobaki, na umhakikishie kwamba kupanga ni kazi ya mzazi. Zungumza na mwenye nyumba kabla ya tarehe ya kodi, utoe kiasi ulicho nacho na uhifadhi ujumbe wa malipo. Ndugu wanaoweza kukusaidia waombwe kidogo kidogo. Mwaka ule kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa kulikuwa bila ada kuanzia Machi, na familia nyingi zilivukishwa na vijipesa hivyo.

Kabla ya saa ya kafyu, hakikisha maji, dawa na maziwa ya mtoto vimo ndani, na kwamba unayo namba ya jirani mwenye gari.

Jambo ambalo miongozo mingi hulipita ni msiba. Mazishi yaliwekewa kikomo cha watu 15, na wengi waliokuwa Nairobi hawakuweza kwenda kumzika mzazi au ndugu huko mashambani. Ikitokea hivyo, usimwache mtoto akisikia kilio nyuma ya pazia. Saa ya mazishi ikifika, ketini pamoja, mpigieni simu aliyeko kaburini, kila mtu aseme alichokumbuka kuhusu marehemu, mtoto naye apewe zamu. Babu na nyanya walio hai wapigiwe mara kwa mara, mtoto akizungumza nao mwenyewe.

Hasira zikigeuka vipigo, utaratibu wa saa hautoshi, na kunyamaza ni hatari. Namba 1195 hupokea taarifa za ukatili wa kijinsia na 116 ni ya kuwasaidia watoto. Zote hazina malipo, na mtoto azijue kwa kichwa.

Shule zinapokaribia kufunguliwa, rudisheni saa za kulala wiki mbili mapema. Mwaka 2020 wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 walirudi tarehe 12 Oktoba, na wengine wakangoja hadi tarehe 4 Januari 2021, kwa hiyo katika nyumba moja mtoto mmoja alivaa sare na mwingine akabaki. Huyo aliyebaki apewe roshani na saa za mwenzake. Viatu na sare vijaribiwe mapema, maana mtoto hukua haraka kwa muda kama huo, na bei hupanda wiki ya kufungua.