Video inatetemeka kila kitu kikisogea? Angalia mpangilio wa fildi kwanza

Kama umehamishia kanda za zamani kwenye kompyuta alafu mtu akitembea anaonekana anarudi nyuma kidogo kila akipiga hatua, usitupe kanda, nzima kabisa hiyo, ni fildi tu zimegeuzwa. Kwenye video ya intalesi kila fremu imebeba fildi mbili, moja ina mistari ya witiri (fildi ya juu) nyingine ya shufwa (fildi ya chini), na hazikupigwa wakati mmoja: PAL (mfumo wa TV wa Ulaya na nchi nyingi za Afrika) ni fremu 25 kwa sekunde yaani fildi 50, NTSC (wa Marekani na Japani) ni fremu 29.97 yaani fildi 59.94. Programu ikianza na ile iliyopigwa baadaye, ndo mwendo unarudi nyuma kwenye kila fremu.

Yale meno ya chanuo unayoona kwenye kingo za kitu kinachosogea ukisimamisha picha ni ya kawaida, yapo hata mpangilio ukiwa sahihi. Dalili ya kweli ni kutetemeka.

Hatua ya 1: pima, usikisie. DV (kanda za kidijitali za kamera za nyumbani) huanza na fildi ya chini, 1080i (HD ya intalesi) huanza ya juu, ila faili likishapita kwenye programu mbili tatu lebo yake inaweza kudanganya. Tumia ffmpeg, programu ya bure ya kuandikia amri, na kichujio chake cha idet kinachotambua mpangilio wa fildi:

ffmpeg -i kanda.avi -vf idet -an -f null -

Soma mstari wa Multi frame detection mwishoni. TFF ikiongoza inaanza fildi ya juu, BFF ni ya chini. Pima sehemu yenye mwendo mwingi maana picha iliyotulia haisemi kitu.

Hatua ya 2: hakikisha kwa macho.

ffmpeg -i kanda.avi -t 10 -vf bwdif=mode=send_field:parity=tff jaribio.mp4

Hapa bwdif, kichujio cha kuondoa intalesi, inafanya kila fildi iwe fremu kamili, na -t 10 inachukua sekunde 10 tu. Fungua jaribio, sogeza fremu moja moja, tazama mkono wa mtu: ukienda mbele tu umepatia, ukienda mbele ukarudi ukaenda tena, weka bff badala ya tff urudie.

Hatua ya 3: rekebisha kwenye klipu yenyewe kabla hujaiweka kwenye taimlaini. Premiere Pro raiti kliki klipu, Modify, Interpret Footage, kwenye Field Order chagua Conform to kisha Upper au Lower. DaVinci Resolve ni Clip Attributes, Field Dominance. Chagua sehemu moja tu ya kugeuzia, ukigeuza hapa alafu ukageuza tena kwenye Field Options ya Premiere umerudi ulikotoka.

Hatua ya 4, na hii ndo inasumbua watu wengi sana: mpangilio uko sawa, klipu inacheza vizuri, unaisogeza juu kidogo ili kuficha uchafu wa chini ya kanda, ghafla inatetemeka upya. Ukisogeza kwa mstari mmoja, au idadi yoyote ya witiri, fildi ya juu inakaa kwenye nafasi ya ile ya chini, kwahiyo sogeza 2 au 4. Kuikuza au kuipunguza ndo mbaya zaidi kwasababu mistari ya fildi zote mbili inachanganyika na hapo hakuna wa kuitenganisha tena, ondoa intalesi kwanza ndo ubadili saizi.

Hatua ya 5: kama inaenda mtandaoni, pitisha kanda nzima kwenye bwdif kama hatua ya 2 bila -t 10, itoke fremu 50 au 59.94, usiibane iwe 25 maana utapoteza nusu ya mwendo. Ukimaliza kuekspoti piga idet tena, safari hii Progressive ndo iongoze.