Vumbi kwenye karavani: kidirisha cha paa msikifunge
Mkiwa wawili mnatembea mdogo mdogo na karavani (kinyumba cha magurudumu kinachovutwa na gari) kaskazini mwa Australia msimu wa ukavu, tuseme Gibb River Road ambayo sehemu kubwa ni rafu rodi, msizibe kila kitu mkidhani ndo vumbi halitaingia. Fungeni madirisha yote ila kidirisha cha paa kiacheni wazi kidogo upande wa mbele, upepo unaingia kwa nguvu, hewa ndani inajaa inatokea kwenye nyufa za mlango yenyewe so vumbi linakosa pa kupenya. Mkiwa nyuma ya gari lingine haisaidii kabisa, mtavuta vumbi lake lote, hapo bora mpaki mnywe chai lipotee. Na mkirudi lami kifungeni, spidi ikipanda upepo unaweza kuking'oa.