Kabla ya kuhamishia kikoa chako kwenye seva zako mwenyewe za majina

Ukibadilisha seva za majina (DNS), yaani kompyuta zinazosema kikoa chako, jina kama mfano.co.ke, kiko kwenye anwani gani, saa nne asubuhi, mteja wako wa Nakuru anaweza kuelekezwa kwenye seva mpya dakika hiyo hiyo, na wa Kisumu akaendelea kuelekezwa kwenye zile za zamani hadi kesho kutwa. Kampuni za simu na intaneti zina seva zinazouliza majina kwa niaba ya wateja wao. Zikishapata jibu hulihifadhi kwa muda uliotajwa ndani ya jibu lenyewe, nao huitwa TTL na huhesabiwa kwa sekunde. Kwa vikoa vya .com, jibu la kwamba "seva za kikoa hiki ni hizi" hutoka na TTL ya sekunde 172,800, yaani siku 2 kamili. Huwezi kuupunguza muda huo kwenye paneli yako, kwa kuwa umewekwa na wasimamizi wa .com. Kwa kikoa cha .co.ke au .co.tz, angalia kwa dig, amri ya kompyuta ya kuziuliza seva za majina, ujue wako ni muda gani.

Kwa hiyo fahali wawili watakaa zizi moja kwa siku kadhaa, upende usipende. Maandalizi yote yana lengo moja: wote wawili, wa zamani na mpya, wajibu vilevile.

Anza na rekodi, yaani mistari inayosema kila jina linaelekeza wapi. Omba au pakua faili zima la zoni, lenye rekodi zote za kikoa, kutoka seva za zamani, usitegemee kile kitufe cha "tafuta rekodi zangu" cha huduma mpya. Kitufe hicho hukisia majina ya kawaida kama www na mail. Hakiwezi kukisia jina la rekodi ya DKIM, ambayo ndiyo inayothibitisha kwamba barua pepe imetoka kwako kweli. Niliwahi kuhamisha kikoa cha duka la vitambaa na kuiamini orodha iliyotolewa na kitufe hicho. Tovuti haikuzimika hata sekunde moja, nikalala nimeridhika. Ilichukua siku nne kugundua kwamba ankara za duka zilikuwa zinaangukia kwenye folda za taka za wateja. Tangu siku hiyo nasoma zoni mstari kwa mstari: A na AAAA (anwani za IP, yaani namba za seva), MX (za barua pepe), TXT zote (maandishi, kama ya uthibitisho), CNAME (majina ya badala) za vikoa vidogo vilivyosahaulika, SRV za simu za ofisini kama zipo. Ukiandika faili la zoni kwa mkono, chunga nukta ya mwisho. Ukiiacha, mail.mfano.co.ke inasomeka mail.mfano.co.ke.mfano.co.ke, na barua hazifiki popote.

Kisha jaribu seva mpya kabla dunia haijaambiwa habari zake. Amri kama dig @anwani-ya-seva-mpya mfano.co.ke MX inaiuliza seva hiyo moja kwa moja. Uliza kila rekodi huku na huku, ulinganishe. Zitakazotofautiana ziwe NS na SOA tu, zinazotaja seva za majina zenyewe.

Sasa tuje kwenye jambo linalowakwamisha wengi wanaotaka seva zenye jina lao wenyewe, ns1.mfano.co.ke na ns2.mfano.co.ke. Ili kujua ns1.mfano.co.ke iko wapi, inabidi kuziuliza seva za mfano.co.ke, ambazo ndizo hizo hizo zinazotafutwa. Ni kuku na yai. Dawa yake ni kusajili anwani za IP za seva hizo kwa msajili wako, yaani kampuni uliyosajilia kikoa, naye azifikishe kwa wasimamizi wa kikoa cha juu, kama KeNIC kwa .ke. Wenye fani huziita rekodi za gluu, yaani gundi. Zisajiliwe na zionekane kwanza, ndipo ubadilishe. Kwa baadhi ya wasajili hili halimo kwenye paneli, unaandika ombi na kusubiri mtu alishughulikie, basi liombe siku kadhaa kabla.

Na ziwe seva mbili kweli. Naona watu wakikodi seva moja, wakaipa majina mawili, wakajihesabu wamemaliza. Mwongozo wa RFC 2182 wa mwaka 1997 unataka seva za kikoa zikae maeneo ya kijiografia yaliyo mbalimbali na kwenye mitandao tofauti. Tarehe 4 Oktoba 2021 seva za majina za Facebook zilitoweka kwenye intaneti pamoja na njia za mtandao wake, na WhatsApp na Instagram zikakaa gizani kwa saa sita hivi. Hao wana wahandisi na fedha. Wewe weka seva ya pili kwa kampuni nyingine, au lipia huduma ya seva ya akiba. Hakikisha pia faiawoli, ukuta wa ulinzi wa seva, imefungua mlango wa 53 wa DNS kwa UDP na kwa TCP, njia mbili za kusafirisha data, maana majibu marefu hupitia TCP na wengi husahau.

Kama kikoa kimewashiwa DNSSEC, mfumo wa kutia sahihi majibu ya DNS, simama kwanza. Rekodi ya DS iliyowekwa kupitia msajili inasema sahihi halali ni zile za seva za zamani tu. Iondoe, subiri TTL yake iishe, ndipo uhame na kuiwasha upya huko uendako. Slack, huduma ya mawasiliano ya kazini, walibanwa na jambo hili tarehe 30 Septemba 2021: sahihi ziliondolewa wakati DS ingali imehifadhiwa kwenye seva nyingi za kuulizia kwa saa 24, na baadhi ya watumiaji hawakuifikia huduma hiyo.

Usihamishe tovuti yenyewe siku hiyo hiyo. Hamisha majina kwanza yakielekeza kwenye IP ile ile ya zamani, na tovuti ifuate wiki ijayo. Ukiunganisha safari mbili na kitu kikaharibika, hutajua ni ipi iliyoharibu.

Angalia pia nani ana ufunguo wa akaunti ya msajili. Mara nyingi ni fundi aliyeondoka miaka mitatu iliyopita. Barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ya kikoa hicho hicho unachohamisha, la sivyo barua zikikatika hutapata hata kiungo cha kubadilisha nenosiri. Vyeti vya usalama wa tovuti vya Let's Encrypt vinavyothibitishwa kwa DNS vielekezwe kwenye seva mpya, vinginevyo visipojihuisha utazinduka siku cheti kinaisha.

Chagua Jumanne asubuhi. Ijumaa jioni na mwisho wa mwezi viache.

Ukishabadilisha, seva za zamani ziendelee kufanya kazi, na kila rekodi utakayohariri katika siku hizo ihaririwe pande zote mbili. Usifute akaunti wala kusitisha malipo kwa angalau wiki moja. Kama unaweza kusoma kumbukumbu za maswali kwenye seva ya zamani, zitazame kila siku, na usiizime hadi maswali kuhusu kikoa chako yakome.