Fidla ya taarab asilia: namna ya kupata kiti

Pesa yangu ya kwanza ya fidla niliipata kwenye harusi moja ya Mwembetanga, mtaa wa hapa mjini Unguja, na wala sikualikwa kupiga. Nilikwenda kubeba viti na waya za spika. Mpiga fidla wa pili akashikwa na homa, mzee wa kikundi akanigeukia: "Hiyo yako ipo?" Ilikuwapo, nyumbani, dakika kumi kwa baiskeli. Kazi zangu nyingi tangu hapo zimekuja hivyohivyo: kukalia kiti cha mwenzangu bila mazoezi. Basi wewe kijana, jitayarishie kiti hicho.

Anza na sikio. Fidla ya Kizungu hutyuniwa kwa noti sol, re, la, mi, kutoka uzi mnene hadi mwembamba. Wapigaji wengi wa muziki wa Kiarabu huzishusha zile nyuzi mbili nyembamba, ikawa sol, re, sol, re. Zijue zote mbili. Halafu maqam, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Usikimbilie kujua majina kumi. Shika Rast na Bayati kwa miezi. Kwenye Bayati inayoanzia re, kidole cha kwanza hakikai kwenye mi wala kwenye mi bemoli (mi iliyoshushwa nusu sauti), hukaa katikati, na kinanda cha kawaida hakina sauti hiyo. Mimi ilinichukua karibu mwaka kuisikia. Kilichonisaidia ni kumtyunia mzee mmoja ganuni yake, kile chombo cha nyuzi kinacholazwa mapajani, kila jioni, nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti. Nikikosea, ananiambia "bado" bila kuinua macho kwenye kahawa yake.

Kusoma noti nako usikudharau. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kinafundisha hapa Unguja tangu 2002. Wimbo unaweza kuufuata kwa sikio, lakini bashraf, ule muziki wa ala tupu usioimbwa, itakuumbua: vipande vyake kwa kawaida ni vinne, na baada ya kila kimoja mnarudi kwenye taslim, kipande cha kurudiarudia. Ukipotea, umepotea mbele ya ukumbi mzima.

Sasa daftari. Hili ndilo lililonilisha kuliko jambo lolote. Kila wimbo una ukurasa wake: maqam, mdundo, nani anaimba, anaanzia sauti gani, nani anatoa ishara ya kumaliza. Mwimbaji mmoja ninayempigia akiwa na mafua huushusha wimbo kwa toni moja nzima. Hilo nalo limeandikwa, kwa kalamu nyekundu.

Vikundi vina wenyewe. Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Huingii kama unaingia dukani. Nenda usiku wa mazoezi, amkia wazee, kaa nyuma. Fidla iache kwenye mkoba mpaka uambiwe uitoe, hata ikipita miezi.

Joto na unyevu wetu huachisha gundi, kwa hiyo usiiache fidla garini, na upinde ulegeze kila ukimaliza. Nyuzi hapa ni shida. Kila mgeni anayekuja kusoma kupiga udi mimi namwomba nyuzi kabla ya kumuuliza jina, aibu sina.

Pesa isemwe mapema: kiasi, nauli ya kurudi usiku, chakula. Hoteli moja ilinipigisha miezi miwili kwa "wiki ijayo", na wiki hiyo haijafika. Siku hizi nachukua nusu kabla ya kufungua mkoba. Tuzo anazotuzwa mwimbaji, uliza kikundi kinazigawaje. Usinyooshe mkono wala usizitupie jicho.

Na uliza nguo. Niliwahi kukaa na shati la maua katikati ya wenzangu tisa wenye suti nyeusi, na harusi hiyo ilirikodiwa.