Namna ya Kuchagua Ukubwa wa Injini ya Pikipiki kwa Safari za Kila Siku

"Fundi, ninunue cc ngapi?" Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, na mara nyingi anayeuliza ana namba yake tayari kichwani: 150 kwa kuwa jirani anayo, au 250 kwa kuwa imempendeza mlio. Mimi humrudishia swali: kwenye njia yako ya kwenda kazini na kurudi, ni wapi pikipiki itapata taabu zaidi, na hapo utakuwa umebeba nini? Akinijibu hilo, kazi imebaki ndogo. Akishindwa, namwomba asinunue kwa wiki moja.

Nasema hivyo kwa sababu injini nyingi nilizofungua kabla ya wakati wake hazikuharibika kwa kasoro ya kiwandani. Zilipewa kazi isiyo saizi yao. Moja naikumbuka vizuri. Ilikuwa ya cc 100, mwenyewe akienda nayo barabara kuu kila siku, mkono wa mafuta umefunguliwa mpaka mwisho, mke wake nyuma. Nilipovuta silinda, pistoni ilikuwa na mikwaruzo mirefu ya wima upande wa ekzosi. Ukipitisha ukucha unakwama. Oili iliyotoka haikujaa kikombe. Yule bwana hakuwa mzembe, na alikuwa ameweka oili mwezi huohuo. Injini ilikuwa imeinywa yote kwa kuhemeshwa bila kupumzika.

Basi tuanze, na kabla ya kwenda kuangalia pikipiki yoyote.

Hatua ya 1: Andika njia yako

Chukua karatasi na uandike kwa siku saba. Usitegemee kumbukumbu, maana kila mtu hukumbuka njia yake kuwa tambarare na fupi kuliko ilivyo. Andika umbali wa kwenda na kurudi. Andika mwendo wa magari mengine pale barabara inapofunguka, kwa sababu ndio utakaotakiwa kuufuata. Andika dakika unazokaa kwenye foleni. Andika nani anapanda nyuma na siku gani, na mzigo gani.

Mlima upime. Simu nyingi zina programu inayoonyesha mwinuko kutoka usawa wa bahari: soma chini, soma juu, toa. Ukipanda mita 50 katika umbali wa mita 500, huo ni mlima wa asilimia 10, na ni mkali kweli. Asilimia 3 au 4 injini yoyote nzima itakubeba.

Mwisho wa wiki, zungushia kwa kalamu zile dakika 10 ngumu kuliko zote. Kuanzia hapa tunanunua injini ya dakika hizo. Hizo nyingine, hata injini ndogo itazimudu.

Hatua ya 2: Jumlisha uzito wote

Tuseme pikipiki yenyewe kilo 120, wewe kilo 75, abiria kilo 65, begi na helmeti kilo 10. Jumla kilo 270. Peke yako, na begi dogo, ni kilo 200. Tofauti ya kilo 70 haisumbui kwenye barabara iliyonyooka. Mlimani inaonekana mara moja.

Hesabu yake ni hii. Kupandisha kilo 270 kwenye mlima wa asilimia 10 kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa kunahitaji karibu nguvu za farasi 5 kwa ajili ya kupanda tu. Ongeza kama 2 za kushindana na upepo na msuguano wa matairi, halafu kidogo kinachopotelea kwenye gia na cheni. Unafika 8. Injini ya kawaida ya cc 100 inayopozwa kwa hewa hutoa kama 8, nayo huzitoa ikiwa mpya na ikizunguka karibu na kikomo chake. Kwa hiyo hapo haina akiba hata kidogo. Utashuka gia ya tatu, pengine ya pili, mwendo utaanguka hadi 35, na lori litakuwa mgongoni mwako likipiga honi. Nimekuwa kwenye hali hiyo na abiria nyuma, na nakuambia ni hatari: huwezi kuongeza mwendo kulikwepa, wala huwezi kusimama.

Ya cc 125 yenye nguvu za farasi 10 au 11 itapanda mlima huohuo kwa kujikaza. Ya 150 yenye 12 hadi 14 itapanda na kubakiza. Kwa hiyo kama mnasafiri wawili kila siku na mna mlima wa namna hiyo, anzia 150. Hapo silegezi.

Hatua ya 3: Pima mwendo wako na upepo

Watu hudhani kutoka kilomita 60 kwa saa kwenda 90 ni kuongeza nusu tu ya kazi. Upepo hauhesabu hivyo. Nguvu ya kuupasua hupanda kwa mwendo ukizidishwa wenyewe mara tatu: 1.5 × 1.5 × 1.5, yaani zaidi ya mara 3. Kwa mtu mmoja aliyekaa wima, nguvu za farasi 3 zinatosha kushikilia 60 kwenye tambarare. Kushikilia 90 anahitaji 8 hadi 9. Ndiyo maana ile cc 100 ilikuwa inaishi ukingoni: kwa mwendo aliokwenda mwenyewe, hakuna alichobakisha.

Kanuni ninayotumia ni kwamba mwendo unaouhitaji kila siku usizidi robo tatu ya mwendo wa mwisho wa pikipiki. Inayofika 100 ikiwa imekazwa, iendeshe siku zote kwenye 75. Hapo injini inapumua, oili inadumu, na ukihitaji kulipita basi kuna kitu kimebaki mkononi.

Sasa linganisha na karatasi yako. Kama ni mjini, tambarare, peke yako, na barabara haizidi 60, cc 100 hadi 110 inatosha kabisa, na hata 50 imewahi kutosha. Honda Super Cub ilianza mwaka 1958 na injini ya cc 49, na hadi mwaka 2017 familia yake ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100. Mtu asikuonee kwa udogo wa injini.

Ukiwa na vilima vya kawaida na abiria wa mara mojamoja, mwendo ukifika 70 au 75, chukua 125. Huo ndio ukubwa ninaoupendekeza zaidi. Wawili kila siku, au mwendo wa 80, ni 150 hadi 160. Barabara kuu ya 90 hadi 100 kila asubuhi, chukua 200 hadi 250. Kama safari yako ni ndefu, sehemu kubwa ni barabara ya kasi ya 110, hapo ndipo 300 hadi 500 zinapata maana. Zaidi ya hapo, kwa kwenda kazini na kurudi, sijawahi kumshauri mtu.

Hatua ya 4: Soma zaidi ya cc

Cc ni ujazo tu: nafasi ambayo pistoni inaifagia ndani ya silinda. Honda CG125, ambayo mafundi wengi tumejifunzia, ina silinda ya kipenyo cha milimita 56.5 na pistoni inatembea milimita 49.5. Piga hesabu unapata cc 124. Namba hiyo haikuambii injini inafanya nini na nafasi hiyo.

Tazama mfano huu. Royal Enfield Classic 350 ina cc 349 na hutoa nguvu za farasi kama 20. KTM 390 Duke, ile iliyoanza mwaka 2013, ina cc 373 na hutoa kama 44. Ujazo unakaribiana, nguvu ni zaidi ya maradufu. Ukishika kipimo utaona sababu: pistoni ya Royal Enfield ina milimita 72 na inatembea mbali, milimita 85.8, kwa hiyo injini inazunguka polepole na inavuta tangu chini. Nguvu yake kubwa ya kuvuta inapatikana kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika. Ya KTM ni pana, milimita 89, inatembea 60 tu, na imetengenezwa kuzunguka haraka. Uvutaji wake unakolea kwenye 7,000.

Kwa mtu wa kila siku hili ni jambo kubwa. Kwenye karatasi ya maelezo, usiangalie tu nguvu ni ngapi. Angalia inapatikana kwenye mizunguko mingapi. Katika 125 mbili zenye nguvu sawa, ile inayofikia uvutaji wake kwenye 5,500 haitakuchosha kama ile inayosubiri 8,000, kwa sababu kwenye foleni na milimani hutahangaika kushusha gia kila dakika.

Hatua ya 5: Rudi kwenye foleni

Kama karatasi yako inaonyesha dakika 30 au zaidi za kusimama na kwenda, pikipiki kubwa inakugeukia. Ya 125 ina kilo 110 hadi 125. Ya 400 au 500 mara nyingi inafika 180 hadi 200. Uzito huo utausukuma kwa miguu, utaupenyeza katikati ya magari na kuugeuza penye nafasi finyu, kila siku, ukiwa umechoka. Joto nalo: injini kubwa iliyosimama juani inapuliza joto moja kwa moja kwenye magoti, na kama inapozwa kwa hewa pekee, bila mwendo hakuna hewa. Klachi yake pia ni nzito zaidi kwenye vidole.

Mtu wa foleni nyingi na barabara tambarare aangalie pia skuta ya 110 hadi 125 inayotumia mkanda badala ya gia. Mkono wa kushoto unapumzika. Ila ujue magurudumu yake ni madogo, na kwenye mashimo utayahisi.

Hatua ya 6: Hesabu matunzo

Mafuta: ya cc 100 hadi 125 ikiendeshwa kistaarabu hukupa kilomita 45 hadi 60 kwa lita. Ya 150 ni kama 40 hadi 45. Ya 250 ni kama 30, na ya 500 ni 25 na kidogo. Zidisha kwa kilomita ulizoandika, kwa mwezi mzima.

Oili, injini ndogo huchukua kama lita 1. Ya 500 yenye silinda mbili huchukua karibu 3. Matairi mapana huisha mapema. Jambo la mwisho, uliza vipuri kabla ya kununua: pedi za breki, kebo ya klachi, plagi, cheni na sproketi, yaani magurudumu ya meno yanayoshika cheni. Ukikosa vitatu kati ya hivyo hapo unapoishi, chagua pikipiki nyingine, hata kama injini ni sahihi.

Angalia na leseni. Nchi nyingi hupanga madaraja kwa ukubwa wa injini. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, daraja la A1 linaishia cc 125 na kilowati 11.

Hatua ya 7: Ijaribu kwenye kazi yake halisi

Kuzunguka uwanja wa duka hakukuambii chochote. Omba kuipeleka kwenye mlima, na uende na mtu mwenye uzito wa abiria wako. Anza kupanda ukiwa kwenye gia ya tatu, kilomita 40 kwa saa, kisha fungua mafuta taratibu. Ikiongeza mwendo, hata kidogo, inakufaa. Ikigota na kutetemeka, shusha gia ya pili ujaribu tena. Ikihitaji ya pili kwa mlima utakaoupanda kila siku, panda ukubwa mmoja.

Kisha simama katikati ya mlima, uondoke tena. Usiruke jaribio hili. Sikiliza kama unalazimika kuibana klachi nusu kwa muda mrefu ili isizime. Ukinusa harufu ya kuungua, rudisha.

Kwenye tambarare ifikishe mwendo wako wa kila siku na utazame vioo vya pembeni. Gari la nyuma likionekana kama ukungu, injini iko kwenye mtetemo wake mbaya, na vidole vitakufa ganzi kabla hujafika. Wakati mwingine tofauti ya kilomita 10 kwa saa inaondoa tatizo, kwa hiyo jaribu juu na chini ya hapo.

Kama ulishanunua na inakuelemea mlimani

Usiiuze bado. Hesabu meno ya sproketi. Ukiwa na 15 mbele na 42 nyuma, uwiano ni 2.8. Weka 14 mbele, unakuwa 3.0, na gurudumu linapata uvutaji wa ziada wa asilimia 7. Jino moja la mbele ni sawa na karibu matatu ya nyuma, na sproketi ya mbele ni rahisi zaidi kubadilisha. Utapoteza mwendo kidogo wa juu na injini itazunguka zaidi kwa kila gia, kwa hiyo kama unakimbia barabara kuu usifanye. Lakini kwa mtu wa mjini mwenye kilima kimoja kigumu, nimeona jino hilo moja likimrudisha kutoka gia ya pili hadi ya tatu. Kaza cheni upya, panda kilima chako na abiria wako, na uangalie ni gia gani unamalizia.